Mliotuuliza, Rudini Mtuambie

Shangazi yangu amehojiwa na watu wa chuo mara tatu maishani mwake. Mara ya kwanza walitaka kujua anamaliza mizigo mingapi ya kuni kwa wiki. Mara ya pili ilikuwa habari ya maji: anachota wapi, anatembea muda gani, na nyumbani kwake ni nani hasa anayebeba ndoo. Mara ya tatu alikuja binti mmoja na dodoso la kurasa tisa, akakaa naye jikoni kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua likawa utosini. Shangazi alimpikia ugali na mlenda. Alimjibu yote, hata yale ya mapato ambayo marehemu mumewe hakuwahi kuambiwa. Binti akashukuru, akaaga, akapanda bodaboda.

Miaka ikapita. Siku moja nimekwenda kumsalimia, tumekaa barazani tunachambua mchicha, akaniuliza ghafla: "Hivi yule binti alifaulu?"

Sikuwa na la kumjibu. Sikujua hata binti alitoka chuo gani. Kilichonigusa ni kwamba shangazi hakuuliza kwa kinyongo. Alimuulizia kama mtu anavyomuulizia mtoto aliyepita mikononi mwake. Alikuwa amempa sehemu ya siku yake na siri za nyumba yake, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na hamu ya kujua tu kama msaada wake ulimfikisha mahali.

Naandika wito huu kwa ajili ya swali lake. Nawaandikia wahadhiri, wanafunzi wa vyuo, wakuu wa vyuo, watendaji na wenyeviti wa vijiji. Nakuandikia na wewe msomaji unayeishi jirani na chuo, au uliyewahi kufungua mlango ukamkuta kijana mwenye kalamu na karatasi anakuomba dakika chache.

Aliyewahi kufanya utafiti nchini mwetu Tanzania anajua jinsi mtu anavyoshuka hadi kijijini. Unatoka na barua ya chuo. Mkoani unapewa barua ya kwenda wilayani, wilaya inakuandikia kwa mtendaji wa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji anakukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye anatembea nawe nyumba hadi nyumba. Kila hatua ina muhuri. Ni utaratibu mzuri, kwa maana unamlinda mwananchi. Lakini ngazi hiyo imezoeleka kuwa ya kushukia tu. Katika ofisi moja ya kijiji nilionyeshwa faili la barua za utambulisho za watafiti, limenenepa hadi limefungwa kwa kamba ya mkonge. Nikaomba kuona faili la taarifa walizorudisha. Mtendaji, kijana mpole, akatazama kabati, akanitazama mimi, akasema: "Hilo hatuna."

Sidhani kwamba watafiti ni watu wabaya. Fedha za uwandani huisha siku data zinapokamilika. Mwanafunzi anakimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa katika majarida, na makala hizo huandikwa Kiingereza na kusomwa na wataalamu wenzake walio mbali. Hakuna anayekuja kumuuliza: je, watu wa kijiji kile uliwaambia nini? Jambo lisiloulizwa na mtu yeyote hufa lenyewe, hata kama kila mmoja moyoni analiona kuwa ni la haki.

Mwalimu Nyerere aliwahi kutoa mfano ambao wengi wetu tumekua nao: wanakijiji wenye njaa wanampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila akaishia zake, amewasaliti. Mfano huo hutajwa kila wanapohitimu vijana. Mimi ningeuongezea jambo moja. Wale waliobaki kijijini hawakukaa bure kusubiri mzigo. Wao ndio wanaoijua njia, wanajua mto gani umefurika na daraja gani limekatika. Msafiri asiyezungumza nao kabla ya kuondoka na baada ya kurudi atapotea hata akiwa na nguvu za simba.

Yapo mahali ambapo mazungumzo hayo yalifanyika, na napenda tuyakumbuke, maana wito wangu si ndoto.

Nianze na Mbinga, mkoani Ruvuma. Wamatengo wanaishi kwenye milima mikali, mahali ambapo ungetarajia mvua moja kubwa iteremshe shamba zima bondeni. Mashamba yao yamebaki mlimani. Kwa zaidi ya miaka 100 wamelima kwa ngolo. Mvua zikielekea ukingoni, mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatizana hadi mteremko wote unakuwa miraba mitupu. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Kinachobaki ni matuta yanayozunguka mashimo, mamia kwa mamia, ukiyatazama kwa mbali utadhani sega la nyuki. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikija, maji hutulia shimoni yakaacha udongo wake humo humo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Hakuna aliyewafundisha darasani.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoko Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, walikwenda Umatengo na wakakubali kuwa wanafunzi. Walijifunza ngolo. Walijifunza ntambo, yaani kipande cha mlima kilicho baina ya vijito viwili, kinachounganisha watu, mashamba, msitu na maji kuwa kitu kimoja. Na walijifunza sengu, desturi ya zamani ambapo wakubwa wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao wakiwa kwenye chakula hicho hicho. Mwaka 1999 SUA ilianzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini, na Umatengo ukawa moja ya sehemu za kwanza za kazi yake. Katika kijiji cha Kindimba ikajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati ya wanakijiji ikachukua jina la Sengu. Mwanamke aliyewahi kupanda mlima na debe la mahindi kichwani hahitaji kuelezwa kwa nini walianza na mashine ya kusaga.

Ninapolifikiria jambo hilo, mashine si sehemu inayonivutia zaidi. Mashine huharibika, na vipuri huwa tabu. Navutiwa na jina la kamati. Chuo hakikuleta meza yake ya mkutano kutoka Morogoro. Kiliikuta meza pale, kikaomba nafasi ya kukaa.

Unguja nako kuna jambo la kujifunza. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakitoka wakati wa bamvua, utawaona wameinama kwa saa nyingi kwenye vigingi na kamba zao, jua juu na chumvi chini. Kisha bahari ikaanza kubadilika. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ndiyo isiyovumilia joto, na maji ya ufukweni yalipozidi kupata moto, ikawa inafia kambani. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, haikuwa mbali na ufukwe huo. Mtafiti wake, Dk. Flower Msuya, alifanya kazi na kina mama hao kwa miaka mingi, na mwaka 2006 akasaidia kuanzisha umoja unaowaweka pamoja wakulima wa mwani, watafiti, serikali na wafanyabiashara. Wakajaribu nyavu za mrija zinazowezesha kupanda kwenye maji ya kina, ambako joto ni pungufu. Wakajifunza pia kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili mkulima asibaki kuuza magunia ya mwani mkavu tu.

Kwenye maji ya kina likajitokeza jambo ambalo maabara isingeliona kamwe: wengi wa wanawake wale hawakufundishwa kuogelea, na hawakuwa na vyombo vya kuwafikisha huko. Jibu la sayansi lilikuwa sahihi, lakini halikutosha mpaka liliporudi kwa wenyewe wakaonyesha mahali linapobana. Ndiyo maana nasema kurudisha majibu ni sehemu ya utafiti wenyewe. Asiyerudi haachi tu deni la adabu, anaacha kazi yake haijakamilika.

Wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilielewa hili mapema. Mwaka 1982 na 1983 Profesa Penina Mlama na wenzake walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakaketi na wenyeji, na shida za wenyeji, hasa mimba za wasichana na vijana kukosa kazi, zikachezwa kwa ngoma na maigizo mbele ya watu wenyewe, kisha zikajadiliwa hapo hapo uwanjani. Majibu hayakuhitaji kusafirishwa. Baadaye, mwaka 1996, idara yao ya sanaa ikaanzisha mradi wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari walitumia sanaa kusema yanayowazuia kusoma.

Na Morogoro kuna panya. Dunia inamjua Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania, akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini nchini Kambodia. Shirika la APOPO, lililomfundisha, limefanya kazi ndani ya SUA tangu mwaka 2000. Mimi navutiwa zaidi na panya wenzake ambao hawakusafiri. Hao hunusa makohozi yanayoletwa kutoka zahanati na hospitali, ambayo tayari yalikwisha kupimwa, na huwagundua wagonjwa wa kifua kikuu walioambiwa hawana ugonjwa. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Lakini tazama kinachofuata. Sampuli ikishathibitishwa, lazima mtu atafutwe. Simu yake huenda haipatikani, chumba alichopanga amehama. Wahudumu wa jamii ndio wanaoingia vichochoroni kuuliza, mpaka apatikane, aambiwe, aanze dawa. Pua ya panya na darubini ya maabara vyote ni bure kama jibu halikumfikia anayekohoa.

Je, majibu ya kuni, ya maji, ya udongo, ya lishe ya watoto, yana haki ndogo kuliko hilo?

Sasa niseme ninachoomba, na ni kidogo kwa makusudi. Naomba ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Kila tasnifu, kila mradi uliouliza watu maswali, uwe na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: sisi ni nani, tuliwauliza nini, tumegundua nini, mnaweza kufanya nini na hilo, na ukitaka kuuliza zaidi umtafute nani. Mtafiti ambaye hawezi kukieleza alichogundua kwa ukurasa mmoja wa lugha aliyotumia kukiuliza, namsihi akae na kazi yake tena. Lugha hii ilitosha kuchimba majibu. Itatosha kuyarudisha. Vyuo vyetu vina walimu wa Kiswahili wa kuwasaidia wanaosita.

Ukurasa huo usiishie kwenye bahasha. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, kwa hiyo nafasi ipo mara nne kwa mwaka bila kuitisha mtu wala kukodi ukumbi. Usomwe hapo, kwa sauti, watu waulize, wabishe. Wazee wakisema "hapa mmekosea", iandikwe. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, nyingine ipewe shule ya msingi, mwalimu wa sayansi atajua la kufanya nayo. Penye redio ya jamii, isomwe redioni.

Wakuu wa vyuo, nanyi mna funguo. Wekeni nauli ya kurudi kwenye bajeti ya utafiti kama mlivyoweka ya kwenda. Msimamizi asitie saini tasnifu mpaka auone ule ukurasa na jina la kijiji ulikopelekwa. Na mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, siku aliyosimama mbele ya mkutano wa kijiji ihesabiwe. Mkianza kuihesabu, mtashangaa jinsi watu watakavyoanza kuifanya.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kariakoo ilikuwa hatua chache tu. Wanafunzi wale, wakitoka darasani, walikutana na wauza ndizi, mafundi cherehani na abiria wa mabasi kabla hawajafika mtaa wa pili. Mwaka 1964 chuo kikapanda Mlimani, na kilihitaji nafasi, hakuna anayekilaumu kwa hilo. Lakini tangu hapo vyuo vyetu vingi vimejengwa pembeni, vikazungushiwa uzio, vikawekewa geti. Na geti, hata likiwa wazi, lina namna ya kumwambia mtu asiye na kitambulisho kwamba hapa si kwake.

Basi hapa nazungumza na wewe jirani. Pita kwenye geti hilo. Mlinzi atakuuliza unakwenda wapi, naye anafanya kazi yake. Mwambie una swali. Kama mahindi yako yanakauka majani na hujui kwa nini, ng'ombe wako ameacha kula, kisima chenu kimebadilika ladha, au shamba la marehemu baba linagombaniwa na hujui sheria inasemaje, ndani mle kuna mtu ambaye kazi yake ni jambo hilo hilo. Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokuwa kitivo cha sheria, imekuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu mwaka 1969. SUA ina hospitali ya wanyama. Chuo kilicho jirani nawe nacho kina kitu chake. Huenda wasiwe na jibu siku hiyo, lakini swali lako likirudi mara tano kutoka kwa watu watano, mwanafunzi fulani atapata mada ya tasnifu yake kutoka kwenu badala ya kuiokota kitabuni.

Na mtafiti akibisha hodi kwako, mkaribishe kama kawaida yetu. Mpe kiti na maji. Kabla hajaanza dodoso, wewe anza: majibu haya utayaleta lini, na utayaleta kwa nani? Mwenyekiti wa kitongoji aandike tarehe hiyo nyuma ya barua ya utambulisho, mtendaji aiweke failini. Kijana mwenye nia njema hatakwazika. Atajua amefika kwa watu wanaojiheshimu.

Ninyi wanafunzi, kwenu sina maneno makali. Najua mnavyohangaika na ada, na chumba, na kompyuta ya kuazima. Mama lishe anayewakopesha wali maharage hadi boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, litoke, mwenye nyumba anayewavumilia mwezi wa pili, fundi anayewashonea joho, hao nao ni jamii inayowazunguka, hamhitaji barua ya mkoa kuwafikia. Waulizeni wanachotamani kukijua kutoka chuoni. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Na wewe uliyekwisha hitimu, pengine miaka mingi iliyopita, ukiwa na tasnifu yenye jalada gumu kabatini na majina ya vijiji kwenye sura ya tatu: bado hujachelewa. Andika ule ukurasa wikiendi hii. Piga simu ofisi ya kijiji, namba ya mtendaji haikosekani wilayani. Ukipata likizo, panda basi uende mwenyewe. Usiende na zawadi kubwa wala hotuba. Nenda na ukurasa wako, na ukifika kwa yule mama aliyekupikia ugali na mlenda, mwambie kwanza kwamba ulifaulu. Bado anauliza.